Uhuni wa Babu, Urithi wa Mjukuu: Pwani Ilikuwa na Hip Hop Yake Kabla ya Hip Hop

Wadau, leo tuache kidogo habari za nani kaachana na nani. Kuna neno moja nataka tulikalie kitako. Wengi wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza siku tuliyovaa suruali pana na kofia iliyogeuzwa nyuma, tukapita mbele ya shangazi. Neno lenyewe ni uhuni.

Msimu mmoja wa tamasha nilikuwa Bagamoyo. Safari unaijua: unapanda gari Makumbusho, unahesabu Tegeta, Bunju, Mapinga, Zinga, mara upepo unaanza kunukia chumvi na umefika. Ni kama kilomita 70 tu, ila ukishajinasua kwenye foleni ya Dar unaona kama umeenda nchi nyingine. Ndani ya TaSUBa ngoma zilikuwa zinawaka. Vijana wa chuo wamefunga kanga, ngoma kubwa zinanguruma, wageni wanapiga picha, wazee wamekaa mstari wa mbele wanatikisa vichwa kwa raha zao. Nje ya geti, pembeni ya jamaa anayeuza mihogo ya kukaanga, madogo watano walikuwa wamefanya duara lao. Mmoja anapiga biti kwa mdomo, mmoja anachana mitindo huru, waliobaki wanapiga kelele kila kina kinapogonga. Walikuwa wakali, sisemi kwa kuwapamba. Yule mchanaji alimsema mwenzake kuhusu viatu vyake vya mtumba kwa dakika mbili nzima bila kurudia neno.

Akapita mzee mmoja, kanzu na koti, fimbo mkononi. Akasimama, akasikiliza kidogo. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Kisha akanyoosha fimbo kuelekea getini: "Ngoma iko ndani kule. Hapa nje ni uhuni tu."

Nimekaa na sentensi ile muda mrefu. Sio kwamba iliniudhi, nimeshazoea. Ila ukiifuatilia historia ya pwani hii, kuanzia Bagamoyo kupanda Saadani, Pangani mpaka Tanga, unakuta vingi vinavyochezwa ndani ya geti leo vilikuwa nje ya geti jana. Na unakuta kingine, ambacho kwangu ndicho kinachouma zaidi: kitu kikishaitwa uhuni, hakuna anayekitunza. Kinakuja kuitwa utamaduni wakati nusu yake imeshapotea.

Turudi nyuma kidogo, mniwie radhi, sitakaa sana huko.

Watu husema hip hop ilituletea mavazi ya Marekani. Sawa. Lakini bibi zetu wa karne ya 19 walishavaa Marekani siku nyingi. Ile nguo nyeupe ya pamba iliyotapakaa pwani nzima mpaka bara iliitwa merikani kwa sababu ilitoka huko, ikiletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sultani ulitiwa saini mwaka 1833. Kwa hiyo ukimuona dogo wa Dunda kavaa jezi ya timu ya Chicago asiyoijua hata mchezaji mmoja, ujue ni mwendelezo tu. Pwani imezoea kuchukua nguo ya mgeni na kuishona kivyake.

Bagamoyo yenyewe ilikuwa mwisho wa njia ya misafara. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishuka kwa maelfu wakiwa na meno ya ndovu mabegani, na njia hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo, hilo tusilipambe. Mpagazi akifika alikaa wiki nyingi kusubiri msafara wa kurudi. Hebu fikiria: mji umejaa vijana, wako mbali na wazee wao, mfukoni wana ujira kidogo, jioni hawana kazi. Kama hicho sio kitaa sijui ni nini. Mwanahistoria Jonathon Glassman aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1995, kuhusu miji hii kabla ya vita vya mwaka 1888. Ukikisoma unaona kwamba ngoma na karamu zilikuwa uwanja wa kugombea heshima. Nani kachinja wengi, nani kavaa vizuri, wimbo wa nani umemchoma mpinzani. Mgeni asiye na ukoo mjini, hata mtumwa, aliweza kujipatia jina pale ngomani. Heshima ambayo huku nyumbani asingepewa, kule aliichukua mwenyewe kwa mdomo na miguu yake.

Halafu ikaja beni.

Hapa naomba utulivu kidogo maana hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Beni ilianza kwenye miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890, na jina lake ni hilohilo la bendi kwa Kiingereza, limepakwa mafuta ya nazi. Vijana waliona matarumbeta na magwaride ya wanajeshi wa Kizungu, wakayachukua, wakayafanya ngoma ya mtaani. Ikashuka kusini ikaingia Tanga, Dar na miji mingine ya iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Kwa upande wetu makundi mawili ndiyo yaliyotawala: Marini na Arinoti. Marini, jina linalotokana na askari wa majini, walikuwa zaidi watu wa mjini, wasomi na wenye majina. Arinoti walikuwa zaidi watu wa kuja, vibarua, watu wa bara. Kila kundi lilikuwa na vyeo vyake vya kujipa, kuanzia kingi kushuka hadi majemadari na madaktari, na sare zake, na nishani zake za kujitengenezea. Walipita mtaani kwa gwaride, wakafanya karamu za kushindana, na walitungiana nyimbo za kuchambana mpaka mji mzima unajua leo nani kalala na aibu.

Sasa niambie. Makundi mawili yenye mitaa yake. Majina ya kujipa. Mavazi ya kuonyeshana. Bifu kwa mashairi. Watu wa mjini dhidi ya watu wa kuja. Mwaka ni 1915 hivi, na huko Bronx yule DJ Kool Herc atakayefanya sherehe yake ya Agosti 1973, ile wanayoihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip hop, hata baba yake hajazaliwa bado labda.

Sisemi kwamba beni ndiyo iliyozaa rap. Hapana, na ukimsikia mtu anasema hip hop ilianzia Afrika halafu hana cha kukuonyesha, mpe pole. Ninachosema ni kwamba rap ilipofika pwani ilikuta mji unaojua mchezo. Kiti kilikuwa kimeshawekwa.

Na wazee walisemaje kuhusu beni? Unakisia. Wazee wa miji ya Kiislamu walilalamika kwamba vijana wanamaliza pesa na adabu. Wamisionari walilalamika. Maofisa wa Kiingereza walipoichukua nchi baada ya vita vya kwanza vya dunia walianza kuandikiana barua wakijiuliza hawa wanaojiita kingi na jemadari wana ajenda gani. Wakati huo askari na wapagazi wa vita walikuwa wameshaisambaza beni mpaka Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo. Vijana wa pwani walikuwa wametoa kitu kilichosambaa nusu ya bara bila redio, bila simu, bila mtu wa kukitangaza. Sisi leo video ikitazamwa Lubumbashi tunafanya sherehe.

Mengi tunayoyajua kuhusu beni yanatokana na Terence Ranger, Mwingereza aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 60. Kitabu chake kilitoka mwaka 1975. Hesabu mwenyewe: ngoma ilianza miaka ya 1890, mijini pwani ilishaanza kuzeeka kufikia miaka ya 1930, na kitabu kimekuja 1975. Nyimbo nyingi zilishazikwa na wenyewe. Zilizobaki ni vipande, nyingine ziko kwenye mafaili ya wakoloni waliokuwa wanazichunguza. Yaani ukitaka kusikia babu yako aliimba nini, inabidi ukamuulize polisi wake.

Nilimwambia yule mzee wa kanzu habari hizi. Hakuwa na haraka, tukakaa kwenye kibaraza kimoja tukanunua kahawa. Nikamuuliza kama aliwahi kusikia beni. Akacheka, jino moja la pembeni halipo. "Marehemu baba alikuwa mtu wa beni. Babu alimfungia mlango, akalala nje siku mbili." Kwa nini? Akaniangalia kama vile nimeuliza jua linachomoza wapi. "Uhuni, mwanangu." Kisha akanywa kahawa yake na wala hakuona kama amesema kitu.

Neno lenyewe lina safari yake. Serikali ya Mwingereza ililipenda sana. Katika barua zao kuhusu Dar, wahuni walikuwa vijana walioingia mjini bila kazi, na dawa yao ilikuwa kukamatwa na kurudishwa makwao. Uhuru ukaja, bendera ikabadilika, neno likabaki. Mwaka 1962 Mwalimu aliunda wizara ya utamaduni, akasema wazi kwamba tumejua rumba na chachacha lakini hatuzijui ngoma zetu, akazitaja baadhi, lelemama ikiwemo. Lilikuwa jambo jema na la heshima. Ila lelemama hiyohiyo, ngoma ya wanawake wa pwani, nayo ilikuwa na makundi yake ya ushindani na matusi ya mafumbo, na kina mama wale walisemwa sana na watu wa dini enzi zao. Imeingia kwenye orodha ya utamaduni baada ya kupoa.

Wakati huohuo kilichokuwa cha moto kilikamatwa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 ikawa vita dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na mafuta ya kujichubua. Novemba mwaka huo mkuu wa mkoa wa Pwani, mkoa ambao siku zile uliibeba Dar na Bagamoyo pamoja, akapiga marufuku muziki wa soul. Soul, jamani! James Brown na wenzake. Vijana wa wakati ule ndio babu zetu wanaotuambia leo kwamba enzi zao kulikuwa na muziki wa maana. Kisha 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, vijana wasio na kitambulisho cha kazi wakakusanywa Dar na kupelekwa mashambani.

Kumbuka mwaka huo, 1983. Maana 1984 ndiyo ilitoka ile filamu ya Beat Street, na Breakin' pia, na kanda zake za video zilifika Dar mikononi mwa wenye ndugu Ulaya na Uarabuni. Bara hakukuwa hata na televisheni. Vijana walijazana kwenye chumba kimoja chenye deki, wanarudisha nyuma, wanaangalia tena, wanatoka wanajaribu kugeuka kwa kichwa sakafuni. Kizazi kilichokimbia gari la Nguvu Kazi ndicho kilichojifunza kucheza breki. Mwaka 1985 Mwalimu aliondoka madarakani, akaja Mzee Ruksa, bidhaa zikaingia, na kati ya bidhaa zilikuwemo kanda.

Mwaka 1991 kijana aitwaye Saleh Jabir alishinda shindano la Yo! Rap Bonanza. Alichukua biti ya Vanilla Ice, akaitia Kiswahili. Leo inasikika kama kitu kidogo, lakini kabla ya hapo kurap kulikuwa ni kukariri Kiingereza cha mtu mwingine, na aliyekijua vizuri Kiingereza alikuwa mtoto wa Oysterbay au Upanga. Kiswahili kilipoingia, mlango ukafunguka kwa mtoto wa Temeke, wa Magomeni, wa Bagamoyo, wa Tanga. Ghafla wale waliolelewa kwenye mafumbo, vijembe na vitendawili wakawa na silaha. Kwanza Unit walijikusanya mwaka 1993 wakaja na fikra ya taifa la wana hip hop, na japo wengi wa kizazi chetu hatujui nyimbo zao mbili tatu, bila wao tusingekuwa na ubavu wa kuiita hip hop utamaduni.

Na kumbuka mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 90 watu wazima walikuwa na bifu lao: taarabu ya mipasho, TOT na Muungano, Khadija Kopa na Nasma, kumbi zimefurika. Wazazi walewale waliokuwa wanatunza noti mipashoni ndio waliokuwa wanasema rap ni matusi. Sina zaidi ya kusema hapo.

Radio One ilianza mwaka 1994, mara ya kwanza nchi kuwa na redio isiyo ya serikali inayofika hewani kwa nguvu, na ndipo rap ikapata kwa kusikika. Jina la bongo fleva linatajwa kuwa lilitoka palepale, kwa mtangazaji Mike Mhagama, katikati ya miaka ya 90. Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mr. II na Hali Halisi. Hard Blasters na albamu ya Funga Kazi. Kisha Professor Jay, mmoja wa wale Hard Blasters, mwaka 2001 na Machozi Jasho na Damu. Wimbo wake wa Ndio Mzee, unaomchora mwanasiasa muongo, ulipigwa mpaka kwenye sebule za wazazi waliokuwa wameapa hawataki kusikia rap. Nadhani ndio mara ya kwanza baba na mtoto walicheka wimbo mmoja wa rap kwenye chumba kimoja. Zay B na Sista P wakaonyesha kwamba dada zetu nao wanachana, tena wanachanana wenyewe kwa wenyewe bila huruma.

Lakini kama tunaongelea pwani ya kaskazini, kituo kikuu ni Tanga, na Tanga ni Wagosi wa Kaya. Mgosi ni mwanaume kwa lugha za huko, kaya ni nyumbani. Mkoloni na Dokta John hawakuhangaika kuigiza lafudhi ya New York. Walikuja na lafudhi ya Tanga yenyewe, ile ya kuvuta maneno taratibu kama mtu anayekunywa chai ya tangawizi, wakatumia lafudhi hiyo kuwachana wauguzi wanaonyanyasa wagonjwa na matrafiki wanaokula rushwa. Wimbo wao kuhusu Tanga uliuliza mji umekwamia wapi, mji uliokuwa na bandari, reli na viwanda vya mkonge. Kila mtu alicheka, na kila aliyecheka alijua ni kweli. Kwangu mimi hawa ndio warithi halisi wa beni na ngoma za Pangani: kejeli, lafudhi ya nyumbani, na mkubwa anachomwa huku anatabasamu. Tena Tanga ndiko alikozaliwa Shaaban Robert. Vina vya mkoa ule havikuokotwa kwenye kanda za Wamarekani.

Athari kwa jamii? Hebu tuwe wakweli pande zote mbili. Sugu, yuleyule Mr. II, alichaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na Professor Jay mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Watoto walioitwa wahuni wakaingia bungeni kwa kura za watu waliokuwa wanasikiliza kanda zao. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wa Wapo, BASATA ikaufungia, kisha waziri Mwakyembe akatangaza kuwa Rais Magufuli ameagiza jamaa aachiwe na wimbo upigwe. Wiki moja na ushee baadaye, Aprili, Roma, mtoto mwingine wa Tanga, alichukuliwa na watu wasiojulikana akiwa studio za Tongwe Records pamoja na wenzake, wakaonekana tena siku chache baadaye. Muziki usio na athari hauwatishi watu hivyo.

Upande wa pili nao upo. Kuna mistari mingi kuhusu wanawake ambayo leo siwezi kuirudia mbele ya dada yangu, na hatuwezi kila siku kusema ni sanaa tu. Kuna madogo walioiga umafia wa kwenye video wakati nyumbani hawana hata kisu cha kukatia mkate. Na kuna unga. Pwani yote hii imeumizwa na unga, na hip hop haikupona. Bagamoyo ileile ya ngoma ndiyo yenye sober house ambako wachanaji wenye majina makubwa wamewahi kupelekwa ili wajaribu kurudi kwenye maisha. Lakini hao hao wana hip hop ndio waliokuwa mstari wa mbele kuwabeba wenzao na kuwapeleka huko, wakati wengine wanawapiga picha wamelala. Sitaji majina, mnawajua, na wengine bado wanapambana.

Kwa hiyo yule mzee hakukosea kila kitu. Kuna uhuni ndani ya hip hop, kama ulivyokuwepo kwenye beni, na kwenye mipasho, na kwenye misafara ya mapagazi. Nachomlaumu ni geti. Geti linaamua kipi kiwekewe spika, kipi kirekodiwe, kipi kifundishwe. Dansi letu la zamani bado lipo kwa sababu Redio Tanzania iliziita bendi studio, ikazirekodi, kanda zikawekwa kwenye kabati la taifa. Ndiyo maana leo unaweza kumsikia mtu aliyefariki kabla hujazaliwa. Rap ya mwanzo haikuitwa studio ile. Ilirekodiwa kwa kubahatisha, na wenye Mawingu Studio na wengine wachache, ikadurufiwa kwa redio kaseti mbili, ikauzwa barabarani. Kanda za mashindano ya mtaani, zile ambazo hakuna albamu iliyotoka, zilibaki kwenye magodoro na kwenye makabati ya watu.

Nilipotoka Bagamoyo nilipita kwa mama mkubwa. Mwanawe, kaka yangu, alikuwa mchanaji miaka ya 90 mwishoni, kabla hajaenda kutafuta maisha. Nilijua aliwahi kujirekodi na washkaji zake watatu kwenye kanda moja. Mama mkubwa alikuwa nayo, ameiweka kwenye kopo la maziwa pamoja na sindano na vifungo. Kwa mlioikuta simu tu: kanda ya kaseti ina vitundu viwili juu, na ukivunja vile vibati vyake hairekodiwi tena, ndiyo usalama wake. Kaka alikuwa amevivunja. Mtu mwingine alikuja akavijaza karatasi iliyokunjwa.

Tulitafuta redio kaseti inayofanya kazi nyumba ya tatu. Nikaiweka. Ukaanza mvumo, kisha sauti ya kaka akiwa kijana, nyembamba, anahesabu moja, mbili, akaingia na neno moja kamili na nusu ya neno la pili. Kisha kanda ikaruka na taarabu ikaanza, nzuri kabisa, ikaenda mpaka mwisho wa upande. Mama mkubwa akaitikia kiitikio chote. "Huyo mwanzoni ni nani?" akauliza.

Nikairudisha, tukasikiliza tena ile sehemu ya mwanzo. Kama na kwenu lipo kopo la aina hiyo, lifungue kabla hamjahama nyumba.